Tepu Nyeusi Juu ya Kitufe cha Mwezi

Nimeacha kazi nikiwa na miaka thelathini na mbili, mtoto mgongoni na mikono yote miwili mizima. Kwa hiyo nyinyi mliobaki kwenye ile meza ya ufundi msinipe pole ya mstaafu. Nimestaafishwa, na sababu mnaijua: nilikwenda Lusu, kule Nzega, siku ya kazi kutafuta diski ya mzee mmoja. Mnachojua ni hicho tu. Yaliyobaki nayaandika hapa kwa sababu kuna jambo tumelifanya pale dukani miaka yote, mimi nikiwa wa kwanza, na bado mnaendelea nalo kama vile ni sehemu ya ufundi.

Nazungumzia ile tepu nyeusi.

Niliingia kwa Fundi Maganga baada ya matokeo ya kidato cha nne, matokeo ambayo baba yangu aliyasoma mara moja, akayakunja, na mpaka leo hajayataja. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, mlango wa bati, meza moja ndefu iliyoungua kila mahali kama imeugua tetekuwanga. Fundi mwenyewe alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akaniuliza kama naogopa umeme. Nikasema naogopa. Akasema vizuri, wasioogopa alishawahi kuwazika wawili. Sijui kama ilikuwa kweli. Sikuwahi kuuliza, na sikuwahi kuacha kuogopa.

Siku hizo ndiyo kwanza risiva za sinema zilikuwa zinaingia Tabora kwa wingi. Mtaani kila kitu huitwa sabufa, lakini nyinyi mnajua tofauti. Risiva ni lile boksi zito kama tofali la zege, matundu nyuma mengi kuliko mzinga wa nyuki, linalopokea sauti kutoka kwenye deki na kuzigawa kwa spika tano pamoja na ile kubwa ya bezi. Zilikuwa mtumba wa Japani, zinafika na treni zimefungwa kwenye magodoro. Umeme wa kwao ni mdogo kuliko wetu, kwa hiyo aliyechomeka moja kwa moja ukutani alituletea moshi ukiwa bado wa moto.

Nilidhani siku ya kwanza nitashika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya. Fundi Maganga alinipa mkasi, tepu nyeusi ya umeme na kikapu cha remoti.

"Kata vipande vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho," akasema. "Bandika hapa, kwenye mwezi. Kila remoti inayotoka."

Kulikuwa na kitufe kidogo pembeni, kimechorwa mwezi mchanga. Nikamuuliza kina kazi gani.

"Kazi yake ni kunirudishia wateja," akasema.

Na kweli. Mtu alikuwa akikibonyeza kwa bahati mbaya, mabomu ya kwenye filamu yananywea, bezi inakuwa kama imefungiwa kabatini, na kesho yake asubuhi yuko mlangoni analalamika kwamba tumemuuzia mashine mbovu. Mama mmoja wa Kikatoliki aliuona ule mwezi kabla sijaufunika, akaniuliza kwa upole kama redio itamkubalia na yeye si Mwislamu. Tangu hapo sisi wenyewe tukakiita kitufe cha Ramadhani, tukacheka, tukabandika tepu. Nilibandika mia ngapi, sijui. Mkono wangu bado unakumbuka ukubwa wa kile kipande.

Ufundi wenyewe nilijifunza polepole, na nataka mjue ulikuwa ufundi wa kweli. Fundi Maganga alikuwa na taa ya majaribio, balbu ya mduara ya zamani iliyoungwa njiani kati ya ukuta na mashine. Kabla ya kuwasha chochote ulichokifungua, unakipitishia kwenye ile balbu. Ikiwaka hafifu, mashine ni nzima. Ikiwaka kama jua, kuna shoti ndani, na balbu imekuokolea transfoma. Sasa hivi naona mnachomeka ukutani na kufumba macho. Alinifundisha kunusa mashine kabla ya kuifungua, maana kapasita iliyopasuka hunuka kama samaki na transfoma iliyoungua hunuka kama sukari. Alinifundisha kwamba risiva isiyowaka, kabla hujagusa mita, itikise kwanza. Ikilia kitu ndani, ni mjusi aliyekaukia juu ya bodi. Mijusi wa mji huu wanapenda transfoma kuliko wanavyopenda ukuta.

Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa unaisha alipokuja Mzee Yeremia.

Alikuwa mzee wa Kimoraviani anayekaa mtaa wa Cheyo, mrefu, amenyooka, amebeba risiva mwenyewe begani ingawa kulikuwa na mikokoteni tele. Aliiweka mezani, akatoa flashi mfukoni kwenye leso. Tatizo lake alilieleza taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi njiani. Kwenye ile flashi kulikuwa na nyimbo za kwaya yao, zimerekodiwa kanisani siku ya sikukuu. Wimbo wa tatu unaanza na mwanamke mmoja, ubeti mzima peke yake, sauti ndogo. Halafu matarumbeta yanaingia. Yule mwanamke alikuwa mke wake, Tabitha, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Nikiweka sauti ya kawaida, simsikii," alisema. "Nikiongeza ili nimsikie, matarumbeta yanaingia na nyumba inatikisika. Nina mpangaji, ni nesi, anafanya zamu za usiku. Mchana ndiyo anapolala, na ukuta wetu ni mmoja. Ameshanigongea mara tatu. Nimeona aibu, nimeacha kusikiliza."

Fundi Maganga alimuuliza nani alikuwa akipiga hayo matarumbeta makali hivyo. Mzee akaikunja leso yake.

"Lile kubwa kuliko yote, linalozungushwa mwilini kama chatu, nilikuwa napiga mimi."

Hakuna aliyecheka. Alichotaka kilikuwa kimoja: kumsikia mke wake mpaka mwisho wa ubeti bila kumwamsha mtu. Alidhani redio ni mbovu. Na mimi nilidhani hivyo hivyo, kwa sababu sauti inayonywea na kuruka ndivyo inavyofanya aisii, kile kijidude cha kukuza sauti, ikianza kufa. Fundi alikuwa anatoka kwenda msibani, akaniachia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa mashine ya mtu.

Niliifungua. Nikaing'oa aisii ambayo haikuwa na kosa lolote, nikatumia moto mwingi, na njia za shaba kwenye bodi zikanyanyuka pamoja nayo kama ngozi ya maziwa. Fundi aliporudi alikuta mashine imekufa na mimi nimekaa sakafuni. Hakunifokea. Aliitazama bodi, akanitazama, akasema nimeua mgonjwa mzima. Kisha akapanda kwenye kiti, akateremsha risiva yake mwenyewe aliyokuwa akisikilizia taarifa ya habari, akaniambia niifute vumbi na kuipeleka Cheyo kama mbadala. Nikaifuta. Nikachukua remoti yake, nikatafuta mwezi, nikakata kipande cha tepu, nikabandika.

Soma tena hapo kama umepita haraka. Dawa ya yule mzee ilikuwa kwenye remoti, na mimi ndiye niliyeifunika kwa mkono wangu nikampelekea.

Nilikuja kujua miaka kadhaa baadaye, na aliyenifungulia macho alikuwa ng'ombe. Kulikuwa na mfugaji wa Choma, kule Igunga, anaitwa Masanja, umeme ulikuwa umemfikia si muda mrefu na alinunua kila kilichokuwa na waya, risiva akaitoa kwetu. Akatuita kwa hasira. Alipenda filamu za vita, sebule yake iko hatua chache kutoka kwenye boma, na mara mbili bomu la kwenye filamu lilikuwa limewafanya ng'ombe wavunje miti na kutawanyika porini. Alitaka tuje tuing'oe bezi kabisa. Tulikwenda mimi na Fundi, nimeipakata spika ya akiba iliyofungwa kwenye khanga, konda akaniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Tulipofika nilianza kutoa bisibisi. Fundi akanishika mkono. Akachukua remoti, akabandua tepu kwa kucha, akabonyeza mwezi, akapandisha sauti, akamwambia Masanja aweke bomu analolipenda kuliko yote. Watu kwenye filamu walikuwa wakinong'ona na tulisikia kila neno. Bomu likalipuka, na lilikuwa ni bomu, lakini kama la kijiji cha pili. Masanja alitoka nje mbio. Akarudi anasema wamelala, wanacheua. Akataka kumpa Fundi ndama, Fundi akasema kwenye basi hapandi na ndama.

Wakati tunasubiri gari la kurudi, nimekaa juu ya spika pembeni mwa barabara, nilimtaka anieleze. Alisema babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu kwa njia hizi hizi, kutoka huku mpaka pwani, na hadithi moja iliyobaki kwenye ukoo ilikuwa ya kirangozi, yule aliyetangulia msafara.

"Msafara una watu wenye nguvu, wanakimbilia mbele," akasema. "Una wagonjwa, wanabaki nyuma. Ukiwaacha hivyo, jioni mko mahali kumi tofauti. Kirangozi mzuri anawazuia wa mbele na kuwasubiri wa nyuma. Ndicho kinachofanywa na huo mwezi. Sauti kubwa inazuiwa, ndogo inasogezwa. Zote zinafika pamoja."

"Sasa kwa nini tunaufunika?"

Aliangalia barabara kama gari linakuja.

"Kwa sababu nilichoka kueleza," akasema.

Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu, na alinifanya kuwa mtu. Lakini nilipanda gari nikiwa na hasira ambayo haijaniishia. Mashine ina kitufe kilichotengenezwa kwa ajili ya mwenye mtoto aliyelala, mwenye mgonjwa, mwenye mpangaji nyuma ya ukuta. Yaani kwa ajili ya kila nyumba ninayoijua mimi. Na sisi mafundi tunakiziba kwa sababu maelezo yake yanachukua dakika tano.

Kesho yake nilikwenda Cheyo. Mzee Yeremia alinikaribisha kwa heshima nisiyoistahili, akatoa flashi kwenye leso ile ile. Nilibandua tepu. Akauliza kama kile kitufe kilikuwa kimeharibika, ndiyo maana kikazibwa. Nikasema ndiyo. Nikabonyeza. Taa ya mwezi ikawaka, ikapepesa, ikazima. Nikabonyeza tena, ikazima tena. Matarumbeta yakaja kama kawaida na ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili. Mzee alizima deki mwenyewe. Akanisindikiza mpaka barabarani akinishukuru kwa kujisumbua.

Fundi Maganga alikuwa ameanza kuumwa kifua wakati huo, anakuja kazini siku moja na kukaa nyumbani siku tatu. Nilimkuta kitandani kwake nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. Kwenye mashine za zamani kama ile, alisema, mwezi haufanyi kazi peke yake. Sauti iliyotengenezwa kwa mtindo wa sinema, ile ya kwenye DVD, huja na maagizo ndani yake: hapa mkibonyeza mwezi shusheni, hapa pandisheni. Mashine inayasoma tu. Aliyenakili wimbo kwenye flashi alibeba wimbo akaacha maagizo. Na hata ukiwa na diski, ukiunganisha deki kwa zile nyaya nyekundu na nyeupe, maagizo hayapiti, yanataka ule waya mmoja wa kidijitali. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kule Choma. Akasema Masanja alikuwa na DVD na alikuwa na waya, na mimi sikuuliza.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu ya mwisho. Alifariki kabla ya mvua. Mita yake ya mkononi, ile yenye mshale, mkewe alinipa mimi mbele ya watu. Shabani mwanawe, ambaye sasa ndiye bosi wenu, anasema ni mali ya duka. Anajua ninapokaa.

Sasa hapa nijiseme na mimi, maana si haki kuwasema wengine tu. Mzee Yeremia aliniambia diski yenyewe, ile DVD ya kwaya, ipo, iko kwa mdogo wake Tabitha, Lusu. Ilikuwa ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Sikwenda. Kila nikikutana naye sokoni alikuwa ananiuliza, "Fundi, ule mwezi wetu?" na mimi nasema wiki ijayo, mzee. Nikaolewa. Nikapata mimba. Nikajifungua Wande, nikarudi kazini akiwa na miezi minne, namlaza kwenye boksi la televisheni chini ya meza, na Shabani akaanza kutoa sheria: usiende kwa wateja na mtoto, usinyonyeshe mbele ya wateja, usifunge mapema. Nilivumilia. Nilikuwa na hasira za kutosha nyumbani, sikutaka kuzinunua nyingine.

Siku moja Mzee Yeremia alipita dukani, nikamwamkia, hakuitika. Nikamwamkia tena kwa sauti kubwa. Akageuza kichwa chote kama ndege.

"Sogea upande huu, mwanangu," akasema. "La kushoto limeshakwenda. Hospitali wameniambia na la kulia linajiandaa."

Hakuniuliza habari za mwezi. Hilo ndilo lililonimaliza.

Kesho yake asubuhi nilimfunga Wande mgongoni, nikapanda gari la Nzega, halafu bodaboda mpaka Lusu. Kabla hata hatujafika kwenye nyumba niliona kitu kwenye mashamba ya mpunga kilichonifanya nimwambie dereva asimame. Kamba zimepitishwa juu ya mpunga, na kwenye kamba zimening'inizwa diski, nyingi, zinageuka na kumetameta kutisha ndege. Nilisimama pale na mtoto mgongoni nikajua nimechelewa kwa miaka.

Mdogo wake Tabitha alikuwa bibi mnene, nilimkuta anapepeta mpunga, tukaamkiana, nikajitambulisha, nikaonyesha kule shambani bila kuweza kuuliza. Akaangalia nilikoonyesha.

"Hizo za karate," akasema. "Za wajukuu. Dada yangu nimtundike shambani?"

Akaingia ndani, akatoka na kitabu cha nyimbo kilichofungwa kwa kitambaa, na katikati ya kurasa ilikuwepo diski, haina hata alama ya kidole. Aliniambia hajawahi kuicheza. Hana deki. Aliiweka kwa sababu ilikuwa ya dada yake.

Asubuhi iliyofuata nilipofungua mlango wa bati, Shabani alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha baba yake.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Lusu."

"Kwa kazi ya nani?"

"Ya Mzee Yeremia."

"Aliandikisha lini? Mbona sioni kitu?"

"Aliandikisha ulipokuwa shule ya msingi," nikamwambia.

Akanieleza kwamba hapa ni karakana, si kliniki ya watoto. Akasema niende nikalee, mtoto akikua tutaangalia. Aliongea vizuri, kwa sauti ya chini, kama ananipa zawadi. Sikujibu kwa sababu ningejibu, Wande angeamka. Nilikusanya vitu vyangu: mita, bisibisi tatu, na waya mmoja wa kidijitali niliokuwa nimeununua mwenyewe. Tepu nyeusi nikaiacha mezani. Mliniona nikitoka. Mmoja wenu aliuliza kama nakwenda kunywa chai.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Cheyo. Ilikuwa saa nane mchana, jua limesimama, mtaa wote kimya. Nesi alikuwa amelala upande wake, viatu vyake vyeupe viko mlangoni. Wande alikuwa ameshashiba na amelala mgongoni kwangu, na nilimwacha pale pale makusudi. Kama kuna mita ya sauti iliyo kali kuliko mtoto wa miezi saba, mimi sijaiona katika kazi yangu yote.

Sikilizeni nilivyofanya, na muwe mnafanya hivyo hivyo. Nilichomoa nyaya nyekundu na nyeupe, nikaunga ule waya mmoja. Nikaingia kwenye menyu ya deki, sehemu ya sauti, ilikuwa imewekwa PCM, nikaibadilisha iwe RAW, ili deki isijifanye fundi, ipitishe kila kitu kama kilivyo na maagizo yake. Nikaweka diski. Nikabonyeza mwezi. Ukawaka na haukuzima. Mwisho kabisa, na hapa ndipo wengi mnapokosea, nilipandisha sauti juu kuliko kawaida. Mwezi peke yake unazuia tu makelele; mwenye sauti ndogo anasikika vizuri ukimwongezea wewe. Kwenye runinga kwaya ilikuwa imesimama kwa mavazi ya bluu. Mzee akavuta kiti, akaliweka sikio la kulia karibu na spika.

Sauti ya mwanamke ikaingia chumbani. Haikuwa sauti ya ajabu. Ilikuwa ya mama wa kawaida, imebanwa kidogo puani, na ilisikika mpaka pumzi anayovuta kabla ya kila mstari. Mzee hakusogea. Ubeti ukapanda, ukageuka, ukaanza kushuka, na mimi nikapeleka mkono nyuma nikaushika mguu wa Wande.

Matarumbeta yakaingia. Yalisikika yote, na lile la bezi lilikuwepo, lakini yalikuja kama watu wanaopita barabarani na shughuli zao. Mguu wa mtoto ulikuwa mzito mkononi mwangu, hata kidole hakikucheza. Ukuta haukugongwa. Na chini ya yale matarumbeta, kitu ambacho sijawahi kukisikia mara zote nilizoucheza ule wimbo, yule mama alikuwa bado anaimba. Alikuwa amebakiza neno moja, "nyumbani," na alikuwa akilivuta taratibu hadi mwisho wake.

Mzee akainua mkono nisimamishe.

"Niliingia mapema," akasema.

Sikuelewa. Akaonyesha kwa kidole yule mwanamume mrefu kwenye runinga, aliyevaa tarumbeta mwilini.

"Hakuwa amemaliza. Mimi ndiye niliyeongoza wale wengine kuingia, na nimeingia yeye bado ana neno." Akarudi kuangalia runinga. "Tumeishi naye miaka sita baada ya siku hiyo. Hakuniambia."

Nilikuwa nimeibeba ile habari ya tepu muda mrefu mno, nikaitoa hapo hapo. Nikamwambia kitufe hakikuwa kimeharibika. Nikamwambia niliyekiziba ni mimi, siku ile ile nilipomletea mashine, na kwamba nilimdanganya nilipokuja kukibandua. Alinisikiliza, au labda hakunisikia, nilikuwa nimekaa upande wa kushoto.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale anapoanza."

Nikarudisha. Tuliusikiliza mara nne. Mara ya tano alichukua remoti mwenyewe, nikamwacha.

Saa kumi nesi alitoka na ndoo yake kwenda bombani. Akamwamkia mzee, akanisalimia mimi, akambana Wande shavu, akauliza kama deki imeharibika tena, mbona fundi yupo na yeye hajasikia matarumbeta.

"Leo ilikuwa zamu ya Tabitha," mzee akamjibu.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kutoka karakana ya Fundi Maganga, ingawa haimo kwenye vitabu vya karakana. Mwambieni Shabani anachotaka kuambiwa. Lakini remoti zilizomo kwenye kile kikapu chini ya meza nazijua, nyingi nilizifunika mimi. Bandueni. Tumieni kucha, msitumie bisibisi, itaukwaruza mwezi.